Daftari la Bluu

Mashine ilisema hakuna mtu kama huyo, na mtu mwenyewe alikuwa amesimama dirishani, ameshika kofia yake ya kazi.

Alikuwa fundi bomba wa miaka thelathini na minne, dada mkubwa aliyelea wadogo zake mpaka wa mwisho akaolewa. Sasa chuo kimempa nafasi, usajili unafungwa saa sita mchana, na kinachokosekana ni cheti cha kuzaliwa tu. Akili mnemba ya serikali, iliyosomeshwa madaftari yote ya ofisi ile ya kusajili vizazi, ilijibu mara ya tatu kwa adabu zake zote: hajasajiliwa.

Mama Masijala, karani mkongwe kuliko wote, alisikia akiwa mezani kwake, akajua sababu. Mwezi wake wa kwanza kazini alilishika daftari la bluu kichwa chini, akaandika watoto mia mbili na kumi na wanne akianzia nyuma. Alipogundua, akanyamaza. Tangu hapo, kila alipoombwa cheti cha siku zile, aliingia stoo peke yake, akaligeuza daftari, akatoka na jibu. Watu wakamsifu kwamba ana kichwa. Mashine ilipoletwa aliinunia kama mke mwenza, akaiombea iumbuke. Leo imeumbuka, na raha haikuja.

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu na sifa zake zote. Akamtazama yule dada akivaa kofia yake taratibu, tayari kuondoka.

"Mwanangu, ngoja," alisema. Kisha akawageukia mtaalamu wa kompyuta na mkuu wa ofisi. "Mashine haina kosa. Kosa ni langu. Zile kurasa za daftari la bluu iliyoshindwa kuzisoma, zigeuzeni juu chini."

Zikageuzwa. Majina yakaanza kujipanga kwenye kioo cha kompyuta: mapacha wa mwalimu, kitinda mimba wa mwashi, na fundi bomba, yeye na uzito wake wa kilo tatu. Mkuu wa ofisi, bwana mdogo wa suti, akainama ghafla. Alikuwa ameona jina la mama yake.

"Kumbe na mimi nimo humu," alisema, akacheka mpaka akashika meza.

Fundi alitoka mbio na cheti chake saa tano na nusu. Mama Masijala, mwepesi kama aliyetua mzigo, akavuta kiti karibu na mashine.

"Kuna na daftari la kijani," alisema.

Mtaalamu akamkodolea macho. "Nalo uliligeuza?"

"Hilo si mimi. Hilo ni la marehemu bosi wangu. Kaa, nikueleze."