Mama Mkubwa

Fundi alikuwa anageuza kola ya shati la sare, akiisukuma ncha kwa mkasi uliofungwa ili itoke kali, Sista alipoingia karakanani na kusema wageni wamekwisha kutua, watafika kabla ya chakula cha mchana. Wanawake wote waliinua vichwa kutoka kwenye cherehani zao. Kisha wakamtazama yeye. Wageni wakija, kazi ya wengine ilikuwa kushona na kutabasamu. Kazi yake yeye ilikuwa kusimulia.

Walimwita Fundi kwa sababu ndiye aliyewafundisha karibu wote kushika kitambaa. Karakana ilikuwa ya Shirika, lile shirika la misaada la Kanisa lenye makao yake ng'ambo. Lilikuja wakati wa vita likiwa na mablanketi na unga, na vita vilipokwisha halikuondoka kama mengine. Lilibaki likachimba visima, likajenga zahanati, likawawekea cherehani za miguu wanawake waliofika na roho zao tu. Fundi hakuwa na neno baya juu ya Shirika. Binti yake, aliyezaliwa baada ya vita, alikuwa anasoma bweni kwa fedha za sare zile. Asiyeshukuru kidogo hata kikubwa hashukuru, mama yao alizoea kuwaambia yeye na mdogo wake, enzi zile wakiwa wasichana wa kugombea ukoko.

Siku hiyo kilichomnyima raha ni huyo mdogo wake.

Walipotezana siku ya kukimbia. Mdogo mtu alikuwa amemfungua mtoto wake mgongoni, wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akamfunga mgongoni kwa dada yake, akarudi nyuma kumchukua mama yao asiyejiweza. "Tangulia naye, dada. Nakuja." Alipofika darajani akimkokota bikizee kwenye mkokoteni, askari walikuwa wamekwisha kulifunga. Akageukia upande mwingine, akavuka mpaka mwingine, akamuuguza mama huko ugenini mpaka akamzika. Miaka ikapita kila mmoja akimhesabu mwenzake katika marehemu. Ni Shirika hilohilo lililowakutanisha, kwa matangazo yaliyosomwa makanisani baada ya misa.

Siku waliyosikizana kwenye simu kwa mara ya kwanza, mdogo mtu hakusalimu. Aliuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Na Fundi alijibu kwamba ni homa. Kwamba alifia kitandani, kwenye zahanati ya kambi, usingizini, shuka safi, na padri alimwombea. Upande wa pili kulisikika kilio, halafu sauti iliyochoka ikasema, "Ashukuriwe Mungu. Angalau alilala kitandani." Miaka miwili mdogo mtu aliishi juu ya kitanda hicho. Maisha ya kule yalipomshinda, akafunga kifurushi chake akaja kuishi kwa dada, chumba kimoja, kitanda kimoja, kama zamani.

Kitanda cha zahanati hakikuwahi kuwapo. Mtoto alifia mgongoni kwa Fundi, njiani, kwa kiu na homa. Hayo Fundi aliyasema kambini alipofika, kwa mama wa Shirika aliyeinama kumuuliza amepatwa na nini. Alisema: mwanangu amekufa mgongoni mwangu. Hakudanganya. Mtoto wa mdogo wako utamwitaje kama si mwanao? Naye angemwitaje yeye kama si mama? Lakini mkalimani aliigeuza kauli ile kuwa ya lugha ya watu ambao kwao mama ni mmoja tu na wengine wote ni shangazi. Fundi alipokuja kung'amua kilichotokea, cherehani ilikuwa imekwisha kuwekwa miguuni pake, na picha yake ilikuwa imeshavuka bahari. Alisubiri siku nzuri ya kusahihisha. Siku nzuri haikuja. Ilikuja minofu midogo midogo ya nafuu, na kila mmoja ulikuwa mtamu kuliko aibu yake.

Kwa hiyo asubuhi hiyo alimwambia mdogo wake abaki nyumbani kukinga maji, maana yangetoka mchana na wenye madumu mengi hawana huruma. Mdogo mtu aliitikia. Alikuwa mtu wa kuitikia siku hizi, kama mgeni asiyetaka kusogeza kiti.

Asichojua Fundi ni kwamba Sista, kwa moyo wake mwema, alikuwa ametuma mtu kumwita mdogo wake. Kulikuwa na nafasi mpya karakanani, na Fundi mwenyewe ndiye aliyemwombea mdogo wake tangu mwezi ulipoandama. Sista aliona heri ahojiwe wageni wakiwapo, waone kwamba mlango bado uko wazi. Magari yalipofunga breki uani na vumbi likatulia, Fundi alitazama benchi la mbele akamwona mdogo wake ameketi, kavaa gauni lake yeye la kanisani, vidole vya miguu vikiwa bado na majimaji ya madumu. Mdogo mtu alimwinulia nyusi kwa furaha, kama mtu aliyewahi.

Wageni walikuwa wachache na watu wazima, wanyenyekevu, wa kuvua kofia. Walizunguka cherehani, wakashika mashati, wakasifu matundu ya vifungo. Mkalimani alikuwa na kazi nyepesi. Kisha viti vikapangwa, na Sista akamwita Fundi mbele.

Alisimama akiwa ameazimia kufupisha. Angesema alikimbia, akafiwa, akafika, akashika cherehani, Mungu ni mwema, karibuni chai. Alianza hivyo. Alisema usiku ule na moto ule, akasema daraja, na alipofika njiani akaruka moja kwa moja mpaka kambini, kama mshonaji anayeruka sehemu iliyochanika akitumaini hakuna atakayegeuza nguo ndani nje.

Lakini alikuwapo kijana wa habari wa Shirika, waliyemwita Bwana Picha kwa kuwa jicho lake moja lilikuwa daima ndani ya kamera. Si mtu mbaya. Alishusha kamera, akamwinamia kwa upole. "Mama, umeruka. Ile sehemu ya mtoto kunyamaza."

Wanawake waliokuwa nyuma waliijua sehemu hiyo kama wajuavyo kiitikio cha rozari. Mmoja alikuwa ameshatoa kitambaa cha kufutia machozi. Wageni walingoja. Fundi angeweza kusema amesahau. Hakuna aliyewahi kumpiga mtu kwa kusahau. Lakini mdomo wake ulikuwa umeizoea njia ile miaka mingi, na punda aliyezoea njia hahitaji kuongozwa. Ukaenda wenyewe.

Alisema mtoto aliomba maji tangu jua lilipochomoza. Alisema hapakuwa na maji, na kwamba alikuwa anajitemea mate kidoleni amnyonyeshe mpaka mate yakamkauka yeye naye. Mtoto alikuwa analia mama, mama, akimpiga mgongoni kwa kiganja, na wale waliokuwa nao njiani walimwambia amnyamazishe, atawaponza wote. Halafu mchana mtoto akanyamaza. "Nikadhani amelala," alisema Fundi. "Nikamshukuru Mungu kwamba amenyamaza. Nikatembea nikimshukuru mpaka jua likazama."

Mkalimani alipomaliza, mgeni mmoja mwanamke alikuwa anahema kwa kilio. Mgeni huyo aliinuka akamkumbatia Fundi kwa nguvu. Juu ya bega la mgeni Fundi alimwona mdogo wake. Alikuwa halii. Alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani, na hakuwa anamtazama dada yake usoni. Fundi alipogeuka kurudi kwenye kiti chake, alihisi macho yale yamemshika pale pale mgongoni, chini kidogo ya mabega.

Sista naye alikuwa anafuta macho. Alimwona mwanamke mpya amekaa mkavu kama kuni, akadhani ni ugeni, akamshika mkono kwa huruma. "Mpe pole dada yako," alimnong'oneza. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Mdogo mtu aliinuka. Alivuka nafasi iliyokuwa kati yao, akasimama mbele ya dada yake, akainamisha kichwa kidogo kama ilivyo adabu.

"Pole, dada," alisema.

"Nimeshapoa," alijibu Fundi, kwa maana ndiyo yaliyokuwa majibu.

Mahojiano yalifanyika katika chumba cha kuhifadhia vitambaa. Fundi alipeleka sinia la vikombe akasimama nalo mlangoni. Sista alikuwa anaeleza kwamba wafadhili wa msimu huu wameziweka nafasi kwa ajili ya kina mama waliofiwa na watoto vitani. Alisema si yeye aliyepanga. Alimsihi asiogope, aeleze tu yeye mwenyewe alipatwa na nini.

Mdogo mtu alitazama marobota ya kitambaa cha buluu yaliyofika dari. Kisha akamwona Fundi mlangoni. Hakukuwa na hasira katika macho yale, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa anamwachia nafasi, kama unavyosogea ukutani mtu mwenye mzigo apite.

Fundi alifungua mdomo. "Sista," alisema. Sista akageuka. Fundi alimfikiria binti yake, na picha iliyovuka bahari, na yule mgeni ambaye machozi yake yalikuwa bado yana unyevu begani pake. "Chai ya wageni iko tayari."

"Asante, Fundi. Na wewe, mwenzetu?"

"Mimi sikupatwa na kitu, Sista," alisema mdogo mtu. "Nilichelewa tu."

Sista alimwambia asikate tamaa, huenda mwakani. Akampa kipande cha sabuni na kitenge, zawadi za wageni, naye akapokea kwa mikono miwili.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado kali, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mdogo mtu alivua lile gauni, akalikunja kwa uangalifu, akaliweka kitandani, upande wa dada. Ndipo Fundi akaanza kujieleza. Alieleza habari za mkalimani, za neno mwanangu, za kambi. Akauliza, kama mtu anayetafuta nguzo ya kushika, "Ningesemaje? Wewe ungesemaje?"

"Ningesema mwanangu."

"Basi kosa ni lao."

"Siku ya kwanza, ndiyo," alisema mdogo mtu. "Dada, sikukatazi kusema. Uliyekuwa naye ni wewe. Lakini ungeniambia mimi kwanza. Ungeniambia mimi kabla hujawaambia wao."

Fundi alisema alitaka kumwondolea uchungu. Mdogo wake alitikisa kichwa taratibu na kumwambia ampeleke alipomzika mtoto. Hakutaka kitu kingine.

Walipanda basi la Jumamosi asubuhi, wakashuka ilipokuwa njia ya kukimbilia. Sasa ilikuwa barabara ya lami, pana, ina mitaro ya saruji pande zote. Malori yalipita yakipiga honi. Fundi alianza kutembea kwa uhakika. Siku zote alikuwa akiwaambia wageni kwamba alimlaza chini ya mti wenye kivuli, na mti huo aliuona kichwani vizuri, matawi yake na hata ndege wake. Walitembea mpaka jua likawa utosini. Palikuwa na kituo cha mafuta, na ukuta wa kiwanda cha matofali, na shamba la mtu. Mti haukuwapo.

"Umekatwa labda," alisema mdogo mtu.

"Labda."

Wakarudi walikotoka, upande wa pili wa barabara. Hapo katikati Fundi alisimama. Alikuwa anajaribu kukumbuka udongo, mikono yake ikichimba, kucha zake, na kila alichokipata kilikuwa maneno, yaleyale, kwa mpangilio uleule. Nyuma ya maneno hapakuwa na kitu. Ile njia ilikuwa kavu, wala hapakuwa na maji. Mti wa namna ile ungeota wapi? Alikumbuka mgeni mmoja wa zamani, mzee, aliyemuuliza kwa huruma kama palikuwa hata na kivuli. Akakumbuka jinsi alivyotaka kumfurahisha, akamtajia mti.

"Mdogo wangu," alisema. "Sipajui."

Mdogo mtu alitazama ukingo wa barabara, nyasi kavu, chupa za plastiki, vumbi la malori. Alivuka mtaro, akatembea hatua chache, akachagua mahali pasipo na alama yoyote.

"Basi iwe hapa," alisema.

Alifungua mtandio wake, akautandaza chini, akautuliza upepo usiuinue, akaketi pembeni yake na kunyoosha miguu kama mtu aliyefika nyumbani kwake. Fundi alibaki ng'ambo ya mtaro, mkoba mkononi, malori yakimpita nyuma na kumpeperusha nguo, akingoja kuona kama mdogo wake atasogea ampe nafasi.