Mshale Ulisimama Arobaini na Tatu

Jumanne saa tatu asubuhi, mwanafunzi wa mwaka wa nne ambaye wenzake walimwita Rula alitoa vipande sita vya zege kwenye tangi la maji la maabara. Vilikuwa vimelala humo mwaka mzima, ingawa hutakiwa siku ishirini na nane tu; zege hunyweshwa maji kama mgonjwa mpaka lipate nguvu. Alivifuta kwa kitambaa, akapima kila upande kwa rula yake, akaandika uzito. Juu ya kila kimoja kulikuwa na maandishi ya rangi: Bweni Jipya, Nguzo za Chini.

Kazi yenyewe iko hivi. Nguzo inapomwagwa, zege kidogo huchotwa na kutiwa kwenye kalibu, kisanduku cha chuma, ili baadaye kivunjwe kipande badala ya kuvunja nguzo. Kwa bweni la ghorofa sita, mshale wa mashine ya kuvunjia ulitakiwa upande hadi mia tano na sitini ndipo kipande kivunjike.

Kipande cha kwanza kilivunjika mshale ukiwa arobaini na tatu. Kiliguna kidogo, kama mtu anayegeuka kitandani, kikawa vumbi. Cha pili, arobaini na tatu. Cha tatu, kilichokuwa kizito kuliko vyote, arobaini na tatu. Rula akaweka kipande ambacho wanafunzi walikoroga wenyewe kwa mazoezi. Mshale ukapita mia tano na themanini. Mashine ilikuwa nzima.

Fundi wa maabara alikuwa kwenye kona akinywa chai yake nzito, ile ambayo wanafunzi walisema ingefaulu kipimo kabla ya siku saba.

“Hao ni watu,” alisema.

“Watu gani?”

“Watakaolaliwa na jengo. Mashine hii ina tabia hiyo. Ilipovunja zege la soko ilisoma kumi na tisa.”

“Wakawa kumi na tisa?”

“Kumi na tisa. Wa ishirini alikuwa ametoka kwenda kujisaidia.”

“Na wewe hukusema, fundi?”

“Nilisema. Wakaniambia nipake mashine grisi. Nikapaka.” Akamwaga makapi ya chai kwenye sinki.

Mhadhiri alipita kabla ya saa tano. Aliinama juu ya karatasi, miwani ikiwa puani.

“Mara tatu namba ileile. Hongera, binti, mkono wako umetulia.”

“Fundi anasema ni watu, mwalimu.”

“Ndiyo, najua. Andika mia tano na sabini. Cha pili andika mia tano sitini na sita, zisifanane mno. Bweni linafunguliwa Jumatatu.”

Utafiti wa Rula wa kumalizia shahada ulikuwa juu ya zege hilohilo, na ulikuwa kwenye meza ya mhadhiri ukisubiri sahihi. Rula aliandika mia tano na sabini kwa penseli, akijiambia kuwa penseli hufutika. Wazazi wengi hawajui kwamba jengo lina cheti, na kwamba cheti kimeandikwa na mkono wa mtoto wa mtu.

Mchana mama yake alipiga simu. Mdogo wake Rula, waliyemwita Kitinda, alikuwa ndiyo kwanza anaingia mwaka wa kwanza.

“Mwanangu, mdogo wako kapata chumba. Bweni jipya, namba nane. Chini kabisa, hata ngazi hapandi. Nimempa na lile godoro langu.”

“Kapata lini, mama?”

“Sasa hivi, ndiyo kanipigia. Ufunguo anao mkononi, eti anauonyesha watu kama pete ya uchumba.”

Rula alirudi kwenye mashine akaweka kipande cha nne. Mshale ukapanda taratibu, ukafika arobaini na tatu, ukasita, ukasogea kwenye arobaini na nne. Kipande kikaguna.

Akampigia mama yake, akamweleza yote bila kupunguza. Mama hakushangaa. Aliuliza jambo moja tu.

“Huyo aliyeongezeka ni wetu?”

“Ni wetu, mama.”

“Nakuja.”

Kesho yake asubuhi mama alifika na kanga mbili na kamba ya kufungia godoro. Kitinda alilia, akasema anadhalilishwa mbele ya wenzake, na kwamba dada yake anamwonea wivu tangu utoto. Mama alimjibu, “Lia tu, mwanangu. Anayelia anapumua.” Akamshika mkono mpaka ofisi ya mabweni.

“Tumeghairi chumba,” mama alimwambia karani.

Karani alifungua daftari bila kuinua macho. “Mama, wewe ni wa tano tangu wiki iliyopita. Mpwa wa mhadhiri, binti wa fundi, mabinti wawili wa mkandarasi, na sasa huyu. Sijui mna nini na jengo zuri vile.”

Rula alichungulia tarehe kwenye daftari. Mkandarasi alikuwa amewatoa wanawe Ijumaa, kabla vipande havijatoka majini.

“Hivyo vyumba vinne viko wazi?” aliuliza.

“Wazi vipi, dada? Foleni hii huioni? Anayefuata.”

Aliyefuata alikuwa msichana mwembamba mwenye sanduku la bati la kijani, mama yake yuko nyuma amelishikilia kama vile litakimbia. Karani aliwapa ufunguo namba nane. Yule mama alimgeukia mama yake Rula, akamshika mikono yote miwili.

“Mungu akuzidishie, dada yangu. Siku tatu tumelala kwenye benchi hapa nje. Nilishakata tamaa. Nipe namba yako ya simu, wema kama huu hauachwi hivihivi.”

Mama akamtajia namba yake, moja moja, akarudia tarakimu za mwisho ili asikosee.

“Amina,” akasema.

Nje, Rula alimuuliza, “Mbona hukumwambia?”

“Nimwambie nini? Kwamba mashine imenung’unika? Na wewe je, umeandika ngapi kwenye karatasi yako?”

Walibeba godoro, mmoja mbele mmoja nyuma.

Jioni ile alivunja kipande cha tano. Arobaini na nne. Cha sita alikirudisha majini, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Ijumaa alipitisha kalamu ya wino juu ya penseli. Mhadhiri akatia sahihi cheti, akatia sahihi na utafiti, kwa kalamu moja. Jumatatu cheti kilitundikwa mlangoni mwa bweni ndani ya kioo, na fundi akapaka mashine grisi.

Kitinda sasa analala na dada yake kitanda kimoja, mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, na amekwisha kumsamehe.

Kila Jumapili mama mwenye binti wa chumba namba nane hupiga simu kushukuru. Mama yake Rula hupokea. Huketi kwanza, ndipo hupokea. Huulizana habari za nyumbani, za mgongo, za mvua. Kisha hulazimika kuuliza, maana ndiyo adabu.

“Na mtoto hajambo huko bwenini?”

“Hajambo kabisa, dada yangu. Anasema ukutani pake pamefunguka mwanya mzuri, anaingiza kitana na mswaki. Wiki hii na kitabu kimeingia.”