Vidonge Kumi na Viwili

Mashine ilisema 2.4, na Musimbi hakuiamini.

Alichukua damu ileile ya mshiriki namba 47 akaipima upya. Alisubiri dakika nne. 2.4. Akapima maji ya majaribio, ambayo kiwango chake hujulikana tangu kiwandani, nayo yakatoa jibu lililotakiwa, bila kupungua wala kuzidi. Mashine ilikuwa nzima.

Lithiamu katika damu ya mgonjwa anayetibiwa hutakiwa iwe kati ya 0.6 na 1.0. Ikipita moja na nusu, huanza kuwa sumu. Ikikaribia mbili na nusu, figo na ubongo vimo hatarini. Wiki kumi na mbili zilizopita namba 47 alikuwa na 0.7, kiwango safi ambacho mtu angeweza kukitundika ukutani kama cheti.

Lilibaki kosa moja tu la kutumainia. Zipo chupa za damu zenye kifuniko cha kijani, ambazo hutiwa dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo yenyewe ina lithiamu. Muuguzi akikosea akatumia kijani badala ya nyekundu, hata mtoto mchanga asiyewahi kuona kidonge atapata jibu la kutisha. Musimbi alikwenda kwenye rafu akiomba kijani.

Kifuniko kilikuwa chekundu.

Washiriki wa utafiti ule walijulikana kwa namba, si kwa majina. Lakini namba 47 alikuwa mdogo wake, Lazarus Andati, na Musimbi alikuwa amelitangaza hilo kwa wakuu wake siku ya kwanza, kwa maandishi. Hakuwa mtu wa kuficha jambo. Kwa miaka kumi na moja ya kazi ya maabara alikuwa amejifunza kwamba namba haina ndugu.

Ndipo alipoikumbuka asubuhi.

Saa mbili Lazarus alikuwa amepita kwenye ujia wa kliniki akiuegemea ukuta, miguu ikienda upande. Musimbi alikuwa amemvuta pembeni.

"Saa mbili asubuhi, Lazarus? Busaa ya nani hiyo?"

"Si... sijalewa, dada."

"Ulimi umekulalia mdomoni na hujalewa? Nenda utolewe damu, kisha ukae huko nje watu wasikuone."

Hakuwa amenusa pombe. Sasa, akiwa ameshika chupa yenye kifuniko chekundu, ndipo alipokumbuka kwamba hakunusa pombe hata kidogo.

Alimkuta kwenye benchi la nje, anajaribu kufunga zipu ya koti lake la kazi. Vidole vilikuwa vikirukaruka kama vya mtu anayecharaza gitaa. Hivi ndivyo vidole vilivyoshika darubini katika msitu wa Buyangu kwa miaka miwili, vikiwaonyesha wageni ndege aliyejificha kwenye majani mita thelathini juu.

"Nimeshindwa na zipu," Lazarus alisema polepole, akijaribu kucheka. "Zipu, dada."

Saa nne alikuwa kitandani, dripu mkononi. Daktari Cherop, mwanamke mrefu mpole aliyeongoza kliniki ya utafiti, aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Nitakuuliza mara moja, Lazarus, na sitakukasirikia. Umemeza vingapi?"

"Viwili. Kila jioni."

"Na jana?"

"Viwili, Daktari."

Cherop alimtoa Musimbi nje, akaufunga mlango.

"Unajua ninachofikiria."

"Najua."

"Mwaka ule, kabla ya lithiamu, alikunywa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ikiwa amerudia, mimi siwezi kumrudishia chupa ya lithiamu mkononi. Nitaisimamisha, na itakuwa moja kwa moja."

"Dawa zile nyingine alizitumia zote tatu."

"Basi tutaanza tena na ya kwanza."

"Hazikumsaidia hata moja, Daktari."

"Afadhali mgonjwa kuliko marehemu. Niletee chupa yake ya dawa. Na saa kumi tunapima tena. Isiposhuka, anaingia kwenye mashine ya kusafisha damu."

Musimbi alivua koti la maabara. Utafiti wenyewe ulikuwepo kwa sababu ya watu kama Lazarus. Ugonjwa wa baipola humpandisha mtu hadi asilale wiki nzima, kisha humtupa chini hadi asiweze kuoga. Lithiamu ni dawa ya zamani, na kwa wagonjwa wachache huuzima moto huo kabisa, huku kwa wengine isifanye kitu. Wanasayansi wanatafuta sababu katika vinasaba. Karibu sehemu mia tatu za vinasaba tayari zimehusishwa na ugonjwa huo, ila nyingi zilipatikana katika damu ya Wazungu, na ya watu wa Kakamega ilikuwa bado haijaulizwa. Lazarus alikuwa mmoja wa wale wachache. Kabla ya lithiamu alitembea miguu mitupu hadi Matete akitangaza kwamba ameununua msitu, kisha akalala miezi minane akitazama ukuta. Baada yake alikuwa mtu anayeamka, anayekwenda kazini, anayegombana na dada yake juu ya mpira. Bila lithiamu, Musimbi alijua anarudi wapi.

Alipanda bodaboda hadi nyumbani Lurambi akiwa na hakika yake tayari. Chupa ingekuwa tupu, au karibu. Alikuwa amekwisha kuyapanga hata maneno ya kumwambia mama.

Chupa ilikuwa juu ya kabati la Lazarus. Musimbi alimwaga vidonge kwenye blanketi. Walikuwa wamempa mia na themanini. Jioni themanini na nne zilikuwa zimepita, viwili kila jioni, jumla mia na sitini na nane. Kama alisema kweli, vilitakiwa kubaki kumi na viwili.

Alihesabu. Akavichanganya, akahesabu tena kutoka upande wa pili.

Kumi na viwili.

Alikaa kitandani, akavirudisha chupani kimoja kimoja. Mdogo wake alikuwa amesema kweli mara tatu siku ile, na yeye hakumwamini hata mara moja.

"Ni Musimbi?" mama yao, Navalayo, aliita kutoka jikoni. "Lazarus amebaki wapi?"

"Wamemlaza, Mama. Dawa imezidi mwilini." Alisimama mlangoni na chupa mkononi. "Kuna dawa ingine anamezanga? Ya maumivu? Ya mafua?"

"Mayi! Wamemlaza?" Mama aliachilia mwiko. "Huyo hata panadol anakataanga. Anasema karatasi yake imekataza. Amezidiwa sana?"

"Anaangaliwa."

"Nilimwambia hiyo mikono inatetemeka apumzike. Akasema ni uchovu wa msitu." Navalayo alikuwa tayari anapakua, kwa maana hakuwa mwanamke wa kusikia habari mbaya mikono mitupu. "Kula upesi upesi, unipeleke. Njaa haiponyi mtu."

Musimbi alikata tonge la ugali, akalichovya kwenye mrenda. Mboga iliteleza laini, na nyuma yake ikaja ile ladha ya mbali ya jivu ambayo aliijua tangu utotoni. Hakukuwa na kingine. Alitafuna polepole.

"Mama, umeweka chumvi hapa?"

Mama yake alimtazama kama anayechezewa. "Chumvi gani? Si wewe ndiye uliifukuza hapa nyumbani? Soma ukuta wako."

Juu ya jiko karatasi ilikuwa imebandikwa kwa selotepu, kwa herufi kubwa za mkono wa Musimbi: HAKUNA CHUMVI. AMRI YA MAABARA. Chini yake tarehe, wiki sita zilizopita, siku aliyopima presha ya mama akakuta 170. Siku hiyo alikuwa amechukua pakiti ya chumvi na kuimwaga chooni, wote wakacheka.

"Naweka musherekha tu," mama alisema kwa fahari kidogo. "Kama nyanya yako. Nachoma maganda ya maharagwe, nachuja jivu kwa maji, basi. Na presha imeshuka."

"Na Lazarus unampikianga nini?"

"Nini namna gani? Hii hii. Mimi tangu niolewe sijapika sufuria mbili. Watu wa nyumba moja wakipikiwa mbalimbali, hao wamekosana."

"Haongezi chumvi yake mezani?"

"Aongeze gani na uliimwaga? Alilalamika ati chakula ni maji. Nikamwambia, dada yako amesema. Akanyamaza. Wewe ukisema, yeye hunyamaza."

Tonge lilikwama. Musimbi alilisukuma kwa maji.

Chumvi ya dukani ni sodiamu. Maji ya musherekha ni potasiamu, kitu kingine kabisa. Figo zikinyimwa sodiamu huanza kuing'ang'ania kila chembe inayopita, na kwa kuwa haziwezi kuitofautisha vizuri na lithiamu, huzirudisha zote mbili kwenye damu. Lazarus alikuwa akitembea msituni tangu alfajiri, jasho likimtoka na chumvi kidogo iliyosalia. Jioni anarudi, anakula mboga ya musherekha, anameza vidonge viwili vilevile. Kila siku dawa iliingia kama jana na kutoka pungufu ya jana. Hakuna aliyezidisha kitu. Kilichofanyika ni kupunguza.

Haya yote Musimbi aliyajua. Aliifungua karatasi iliyokunjwa na kufungwa kwa mpira kwenye chupa, maelezo ambayo kila mshiriki hupewa. Mstari wa sita ulisema: Usipunguze wala usiongeze ghafla chumvi unayokula, mwambie daktari kwanza. Kiingereza kilikuwa cha wakuu wa utafiti. Kiswahili kilikuwa chake. Alilipwa siku mbili za kazi kukitafsiri, na alikisoma kwa sauti ili kuhakikisha kwamba hata mtu asiyesoma sana ataelewa.

Lazarus alikuwa ameitii ile karatasi yote. Mstari mmoja tu aliuvunja, kwa kuwa aliyeutafsiri ndiye aliyemwamuru auvunje.

"Musimbi? Umemeza vibaya?"

"Mama, si wewe."

"Si mimi nini?"

"Huko hospitalini watakuuliza maswali juu ya chakula. Kumbuka tu nimekuambia si wewe."

Aliibandua karatasi ukutani. Selotepu ilitoka na rangi.

Daktari Cherop alivihesabu vidonge mwenyewe, kwa ncha ya kalamu, kisha akaisoma amri ya maabara. Akaisoma tena.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

Cherop aliiweka karatasi kando ya vidonge. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliitazama dripu iliyokuwa ikidondoka kwenye mkono wa Lazarus. Ilikuwa maji ya chumvi, ya kawaida, yanayotundikwa kila wodi.

"Tangu saa nne ninamrudishia alichonyang'anywa," alisema, "na nilikuwa sijui."

"Kwa hiyo hutaisimamisha?"

"Leo imesimama. Figo zikiwa salama, tutaanza na kidonge kimoja na damu kila wiki." Alimkabidhi fomu. "Ila hii lazima ijazwe. Sehemu ya chanzo nitakuachia wewe."

Saa kumi damu ilisoma 2.0. Kesho yake 1.3. Mashine ya kusafisha damu haikuhitajika. Siku ya tatu, asubuhi, ilikuwa 0.8, na Lazarus alikuwa ameketi, ulimi wake umerudi na ukali wake wote.

Musimbi alimsomea fomu neno kwa neno. Chanzo: maelekezo ya chakula yaliyotolewa na dada wa mshiriki, mtaalamu wa maabara wa utafiti huu, bila kumwarifu daktari.

Lazarus alisikiliza hadi mwisho.

"Watakufukuza?"

"Huenda."

"Dada, wewe hata kuua unaua kwa vipimo." Alicheka, lakini hakumtazama. Kisha akasema, kwa sauti nyingine, "Mimi nilidhani nimeanza kurudi kule. Wiki tatu. Mikono inatetemeka, maneno yanapotea, nikasema basi, ugonjwa umenipata tena. Sikumwambia mtu. Na wewe ukaniita mlevi."

"Nilikuita."

Aliikunja fomu, akaiweka juu ya blanketi.

Mama aliingia na kikapu, akatoa vyombo viwili, akaviweka mbali mbali juu ya kabati kama anayevionea haya.

"Nimepika sufuria mbili," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama wizi. "Hii yangu. Hii ya huyu." Akampa Musimbi yai la kuchemsha na chumvi iliyofungwa kwenye kijikaratasi. "Mtengenezee. Mimi sijui tena."

Musimbi alilimenya yai, akalikata kati. Akachota chumvi kwa vidole viwili, akasita juu ya sahani. Alijua uzito wa chembe ya sodiamu, na hakujua mdogo wake hutia chumvi kiasi gani kwenye yai.

"Kiasi gani?" aliuliza.

Lazarus alimtazama sasa.

"Ile ya siku zote," alisema.