Abiria wa Opala

Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa tatu asubuhi, Cleonice alifungua nozeli ya sita ya petroli kwenye injini ya gari la Opala, akaipangusa kwa kitambaa, akaiweka kwenye kopo pamoja na zile tano. Mdogo wake, Adenilson, alikuwa amekaa juu ya tairi akinywa kahawa. Gari lilikuwa lake. Alilipenda sana, na hakuwahi kushika spana.

"Sasa kwenye mashindano litampita yule jamaa wa Ribeirão?" aliuliza.

"Alkoholi ya miwa inapoza injini kuliko petroli. Nitaongeza nguvu ya turbo bila kuyeyusha pistoni. Ila jiandae, dogo. Litakunywa kuliko mjomba."

"Linywe tu, dada. Hapa Sertãozinho miwa imefika mpaka mlangoni."

Gari hilo lilikuwa la baba yao, mzee Juvenal, aliyefanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye mitambo ya kutengenezea alkoholi katika kiwanda cha sukari. Alipofariki, kadi ya gari ilikutwa imeshaandikwa jina la Adenilson, na muhuri umegongwa. Cleonice alikuwa ndani ya injini hiyo tangu ana miaka kumi na mmoja. Aliishusha na kuipandisha mara tatu. Siku ya kusomwa wosia yeye alipewa cherehani ya marehemu mama, akashukuru, akaenda nayo nyumbani kwenye basi ameipakata. Njia nzima roho ilimuuma kiasi kwamba alipitiliza kituo chake.

Jumamosi hiyo alifunga nozeli kubwa, pampu mpya, na mipira ya mafuta isiyoliwa na alkoholi. Akasogeza mbele kidogo taimingi, ule wakati wa plagi kutoa cheche. Saa tisa alasiri alimwambia Adenilson apige stata. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika, na ua mzima ukanuka utamu wa sukari iliyoungua. Baba yao alikuwa amekaa kiti cha abiria, amevaa shati la kiwandani, kofia ameiweka magotini.

Alisikiliza injini huku ameinamisha kichwa, kama alivyozoea.

"Linapumua vizuri," alisema. "Kazi nzuri, mwanangu." Akampiga Adenilson begani.

"Asante, baba," Adenilson akajibu.

Cleonice alikuwa amesimama mbele ya boneti, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alingoja mdogo wake aseme neno la pili, la kumtaja yeye. Adenilson alikanyaga mafuta ili baba asikie turbo.

Injini ilipozimwa, mzee aliondoka. Ilipowashwa, alirudi. Jirani yao, bibi Zulmira, alikuja na pamonha za moto, mikate ya mahindi mabichi iliyofungwa kwenye maganda yake, akampa mkono mzee kupitia dirishani.

"Juvenal, umepungua mwili."

"Chakula hakuna, Zulmira."

"Na wewe Cleonice, mpe baba yako kahawa, umesimama tu kama mlingoti."

Uwanja wa mashindano ya magari ulikuwa nje ya mji, lami ya mita mia nne katikati ya mashamba. Bwana Ataíde, mpima magari, alilipandisha Opala kwenye mizani, akasoma, akachungulia ndani.

"Kilo sitini na nane zimezidi. Ni huyu mzee?"

"Ni baba," Adenilson alisema.

"Hakuna kanuni inayomkataza. Lakini avae helmeti na afunge mkanda."

Helmeti ya akiba ilikuwa moja, ya Cleonice. Aliivua, akamvalisha baba yake, akamfungia kishikizo chini ya kidevu. Kisha aliingia ndani ya gari na kutoa kiti cha nyuma, tairi la akiba na mabati ya sakafuni, mpaka mizani ikarudi palepale. Opala lilimwacha yule jamaa wa Ribeirão kwa urefu wa gari zima. Gazeti la mji lilichapisha picha ya bingwa na baba yake, wote wawili wakicheka. Mzee alitoka na ukungu kidogo kwa sababu alitikisika. Cleonice hakuwamo. Mpiga picha alimwomba asogee, kivuli chake kilikuwa kinaangukia kombe.

Aliikata picha hiyo, akaibandika kwenye ukuta wa gereji. Kila alipopita aliitazama, na kila alipoitazama aliona mkono wa baba ulioko begani mwa Adenilson.

Julai ikaja na baridi yake. Alkoholi haipendi baridi. Asubuhi injini hukataa mpaka irushiwe petroli kidogo, na ikishakubali hutaka dakika kumi za kupata joto. Kazi hiyo ilikuwa ya Cleonice. Alikuwa akikaa kwenye usukani kwenye banda la uani, mdogo wake bado amelala, na baba alikuja taratibu kadiri injini ilivyopata joto, kwanza viatu, kisha magoti, kisha uso.

"Mdogo wako yuko wapi?" ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kila siku.

"Amelala."

"Mwache apumzike. Anachoka."

Siku ya tano Cleonice akasema, "Baba, nozeli hizi nilizifunga mimi."

Mzee aliitazama mikono ya bintiye juu ya usukani.

"Najua."

"Na injini?"

"Najua, mama."

"Sasa mbona gari ukampa yeye?"

"Aliniomba. Wewe hukuwahi kuniomba."

"Nilidhani unaona."

"Niliona," mzee alisema. Akageuka kutazama mlango wa jikoni, kwa sababu Adenilson alikuwa anatoka akipiga miayo, na uso wote wa mzee ukachangamka. Cleonice akashuka kumpisha.

Jumanne iliyofuata alimwaga alkoholi yote ya tangini, akarudisha nozeli za zamani na petroli. Adenilson alipowasha, kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

"Baba hayupo," alisema.

"Hiyo ni petroli."

"Kwa nini umeweka petroli?"

"Pampu inakaguliwa."

Adenilson hakugomba. Alikaa ndani ya gari kwa muda, akaenda kazini kwa miguu. Kwa siku nne ndugu hao wawili walikuwa sawa, hakuna aliyekuwa na baba, na Cleonice alikuwa amengoja usawa huo miaka mingi. Alikula, alilala. Siku ya tano alijikuta amekaa kwenye usukani alfajiri, injini imepata joto zamani, anasema na kiti. Mchana wake akafunga tena nozeli kubwa.

Kesho yake aliamka mapema kuliko kawaida. Kabla ya kwenda bandani aliufunga mlango wa jikoni kwa nje, ufunguo akautia mfukoni mwa ovaroli. Akarusha petroli kidogo, akapiga stata, akangoja. Vikaja viatu, magoti, uso.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Bado amelala, baba. Leo atalala sana. Nieleze habari za kiwandani, zile za mwaka mliofurikiwa na molasi."

Mzee akaanza kueleza, naye Cleonice akapunguza mafuta ili asikie vizuri. Walifika pale molasi, ile shira nyeusi ya miwa, ilipofika viunoni mwa watu. Ndipo mlango wa jikoni ukaanza kupigwa, kwanza kidogo, kisha kwa ngumi.

"Nini hicho kinachogonga?" mzee aliuliza.

"Injini, baba. Taimingi nimeisogeza mno."

Mzee aliinamisha kichwa, akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, kwa heshima, kama fundi anayemsikiliza fundi mwenzake.

"Hapana," alisema. "Taimingi yako iko sawa kabisa. Kamfungulie mdogo wako."

Cleonice alitoa ufunguo mfukoni, akashuka, akaenda kumfungulia.