Nyanyake Madam Lorraine

Alasiri moja ya mwezi wa Shaabani, mwaka wa 2015, Sellah alikuwa ameketi jikoni kwenye nyumba moja ya kaskazini mwa Riyadh, akifungia wali ndani ya majani ya mzabibu. Kazi hiyo haitaki pupa. Jani linatandazwa upande wa mishipa ukiwa juu, unatia wali kidogo, unakunja huku, unakunja kule, unaviringisha, kisha unalipanga sufuriani limebanana na wenzake lisije likafunguka likichemka. Alipoinua macho kutafuta bakuli, palikuwa na mwanamke mwingine upande wa pili wa sinia, naye anaviringisha.

Alikuwa mzungu mwembamba, wa umri wa Sellah, kitambaa cheupe kimefungwa chini ya kidevu, sketi nzito ya sufu imelowa hadi magotini, na miguuni viatu vya mbao. Alinuka chumvi na mbao zilizooza. Vidole vyake viliishika kazi upesi.

Sellah hakuuliza ameingiaje. Kwenye nyumba zile wafanyakazi huletwa tu. Unaamka unamkuta Mhabeshi anapiga deki. Unatoka kutupa takataka, unarudi unamkuta Mfilipino analia stoo. Wazungu alikuwa hajawaona wakiletwa, lakini ofisi za wakala zilikuwa zikibadilisha nchi kila msimu.

"Karibu, dada," alisema. "Umeletwa na ofisi gani?"

"Nimeletwa na meli. Naitwa Margareta."

"Pasipoti wameshachukua?"

"Sikuwa nayo. Walinichukua mwenyewe."

"Wamerahisisha," Sellah alisema.

Margareta aliongea Kijerumani cha kijijini kwao na Sellah Kiswahili, na walielewana vile wafanyakazi wa nyumba za Riyadh wanavyoelewana wakiwa juu ya sinia moja.

Moyo wa Sellah ulikuwa mwepesi, na ulikuwa na sababu. Mkataba wake ulikuwa umekwisha tangu baridi iliyopita. Lakini kabla yake palikuwa na Shirleen, msichana wa Machakos, ambaye aliruka ukuta wa nyuma akaenda kupotelea Jeddah, kwenye vichochoro vya Karantina. Baba Turki, mwenye nyumba, ndiye aliyekuwa kafili wao, mdhamini aliyewashikia karatasi, na hakuona kwa nini hasara imwangukie yeye. Muda wa Shirleen uliobaki akauhamishia kwa Sellah, kama mtu anavyohamisha salio la simu. "Si nyote ni Wakenya?" alimwuliza, bila ukali wowote. Mkewe, Madam Lorraine, Mmarekani wa Pennsylvania, alikuwa mwanamke laini ambaye hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Yeye alisema: "Akija mwingine, Sellah, utaenda. Nakuahidi." Kule Kakamega, Ashley, mtoto ambaye Sellah alimwachisha ziwa ili apande ndege, alikuwa sasa anakimbia na kuongea, akilelewa na Lois, dada ya Sellah.

Na sasa mwingine alikuwa amekuja.

"Mkataba wako ni wa muda gani?" Sellah alimwuliza.

"Nilikubali wa kwangu," Margareta alisema. "Nauli hatukuwa nayo, kwa hiyo tulikubali kuuzwa tukifika, tuitumikie. Mume wangu akafia melini. Walikuwa na sheria yao. Mtu akifa kabla ya nusu ya safari, nauli yake imekufa naye. Akifa baada ya nusu, anayebaki anaitumikia nauli ya marehemu pia. Nahodha alikuja na ramani kunionyesha kwamba tumeshapita nusu."

"Mlikuwa mmepita sana?"

"Kidogo tu. Siku ile upepo ulikuwa mzuri."

Sellah alibana jani kwa nguvu mpaka likapasuka.

"Wanunuzi walipanda melini," Margareta aliendelea. "Mwanangu walimfungua mdomo wakamwangalia meno. Yeye akaenda na mkulima mmoja, mimi na mwingine."

"Ulimwona tena?"

"Nisogezee majani."

Sufuria ilipokaa mekoni, Sellah alinawa akapanda ngazi. Madam Lorraine alikuwa mbele ya kompyuta, mahali alipoketi kila alasiri tangu mwaka uanze, akimtafuta mtu wa kwanza wa ukoo wao kutoka Ujerumani kwenda Amerika, enzi ambazo Amerika yenyewe ilikuwa bado haijawa nchi. Alikuwa akiandaa kitabu cha ukoo. Mtu huyo alikuwa mwanamke, na madam alipenda kumwita "yule aliyefuata uhuru."

"Madam, mwingine amefika."

"Mwingine yupi? Baba hajaagiza mtu."

"Yuko jikoni. Anaitwa Margareta."

Madam alishuka pekupeku. Alisimama mlangoni akakitazama kidevu cha yule mwanamke, kipana, chenye kishimo katikati, kisha akagusa cha kwake.

"Nyanya," alisema. "Nilidhani wewe ni mrefu zaidi."

Baba Turki aliporudi kutoka kazini alimsalimia mgeni na kuuliza kama amepewa chakula.

Margareta aliketishwa sebuleni, akasimulia upya: mume, ramani, meno ya mtoto. Madam Lorraine alilia kilio cha kweli. Boksi la tishu lilikwisha, Sellah akatumwa kuleta jingine.

"Wanyama," madam alisema. "Kumtumikisha mtu kwa ajili ya mwingine. Kumtenga mama na mtoto wake. Watu hao usingizi walikuwa wakiupata wapi?"

Sellah alikuwa amesimama na sinia ya chai. Alisubiri madam apenge kamasi.

"Na mimi je, madam?"

"Wewe umefanya nini?"

"Muda wa Shirleen. Naumaliza mimi."

"Sellah, tafadhali," madam alisema kwa upole. "Hapa tunaongea historia. Tena wewe ulitia sahihi."

"Hata mimi nilitia," Margareta alisema. "Nilichora msalaba."

"Ulisema akija mwingine nitaenda," Sellah alisema. "Amekuja."

"Huyu ni nyanya yangu. Huwezi kumhesabu."

Sellah alirudi jikoni na ile sinia, akaiweka chini. Margareta alimfuata. Chumba cha wageni alichotandikiwa hakukilalia. Alilala stoo, kwenye godoro la Sellah, karibu na mtungi wa maji moto.

Kumi la mwisho la Ramadhani, familia ilihamia kwenye nyumba yao ya Jeddah, kama ilivyokuwa desturi yake. Baba, madam na watoto walikwenda na gari la mbele. La nyuma liliendeshwa na Josphat, dereva kutoka Vihiga, likiwa na masufuria, mablanketi, Sellah, na Margareta aliyekataa kuketi kwingine.

"Huyu mathe mzungu ni wa nani?" Josphat aliuliza, akimwangalia kwenye kioo.

"Nyanyake madam. Alikufa kitambo."

"Poa. Lakini afunge mkanda. Kamera za huku hazijui nani amekufa."

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitaka ikama, vile vibali vya ukaazi. Ya Josphat aliiangalia. Ya Sellah aliigeuza, akaigeuza tena, akaipeleka juani. Baba Turki alishuka kwenye gari lake akaja na kumweleza askari kuwa yule wa tatu hana ikama kwa sababu ni marehemu, ni familia, upande wa mke wake. Askari akasema Mungu amrehemu. Kisha akarudi kumwuliza Sellah kwa nini kwenye picha amenenepa.

"Umeona?" Josphat alisema walipoondoka. "Maiti wao anaombewa dua. Mimi mzima, siku nikipita hapo bila karatasi, nalala ndani."

"Wewe endesha," Sellah alisema.

"Naendesha, dadangu. Nacheka ndio nisigonge mtu."

Siku ya Idi nyumba ilijaa wanawake wa Jeddah, manukato na watoto. Madam alimvika Margareta abaya ya hariri, ila viatu vya mbao alikataa kuvivua. Akaketishwa kwenye kiti cha katikati. Madam, ambaye tangu Riyadh alikuwa akiandika na kufuta, sasa aliwasimulia wageni toleo alilokuwa amefikia.

"Alifika bila kitu," alisema. "Familia moja ya wakulima ikampokea kama mtoto wao. Akajituma. Na leo ndio sisi hawa."

"Hapana," Margareta alisema. "Waliniuza. Mtoto wangu sikumtia machoni tena."

Wageni wakauliza bibi anasema nini.

"Anamshukuru Mungu," madam alisema.

"Alhamdulillahi," wageni wakaitikia.

Sellah alikuwa mlangoni na dele la kahawa. "Sivyo alivyosema," alisema, kwa Kiarabu chake cha jikoni, na hakuna ambaye hakumwelewa. Mwanamke aliyekuwa karibu naye alinyoosha kikombe kiongezwe.

Margareta aliinuka. Alivua abaya, akaikunja, akaiacha kwenye kiti, akakusanya vikombe vitupu akaenda navyo jikoni, Sellah akamfuata. Madam aliwafuata huko akafunga mlango.

"Umeniaibisha, Sellah. Mbele ya watu wa mume wangu."

"Yeye ulimlilia, madam, mpaka tishu zikaisha. Mimi niko hai hapa mbele yako na hujanitolea hata chozi."

"Yeye ni damu yangu."

"Basi mtoe jikoni."

Madam alimtazama Margareta, mikono ya nguo imepandishwa, akisuuza vikombe. "Nyanya," alimwita. "Nyanya, njoo." Maji ya bomba yalikuwa yakitoka ya moto, na mvuke ulimzunguka Margareta, na hakugeuka. Sebuleni mtu alimwita madam. Akajipangusa uso kwa kiganja, akatoka.

Wageni walipokwisha kuondoka, Baba Turki alisema kwamba kwa kuwa jikoni sasa pana watu wawili, hakuna haja tena ya kuagiza mfanyakazi. Aliipigia ofisi ya wakala simu akawaambia wasimtafutie mtu. Halas. Madam alikuwa hapo, na alilosema ni kwamba chai imepoa. Kabla Idi haijaisha alikuwa ameshazoea kuita, kwa pumzi moja, "Yalla, Sellah, Margareta." Na kwa kuwa Margareta hakuwa na pasipoti ya kuwekewa, viatu vyake vya mbao vilichukuliwa vikafungiwa kabatini pamoja na pasipoti ya Sellah, visije vikapotea. Kitabu cha ukoo kilichapishwa, na wale wakulima wema wamo, ukurasa mzima.

Ijumaa Sellah aliruhusiwa kupiga simu ya picha. Ashley alitokea akiwa amekula kitu chekundu, mashavu yote yamepakaa. Lois alimsukuma kichwa kuelekea kwenye simu.

"Anti," Ashley alisema, "unakuja lini?"

Sellah alifungua mdomo. Margareta alikuwa nyuma yake, anajifuta mikono kwenye sketi, anamtazama yule mtoto, midomo yake, meno yake madogo.

"Usimtajie mwaka," Margareta alisema. "Mimi wangu nilimtajia."