Shanti ya Mia Mbili

Mama Fyuzi alikuwa na pua kali, na karakana ya mumewe ilimtesa kila asubuhi. Ilinuka plastiki iliyoungua, moshi wa kulehemu, na miguu ya mumewe mwenyewe, ambaye huvua viatu kazini kana kwamba yuko chumbani. Hayo alishayazoea. Ukiolewa na fundi, mambo mengine unafumbia macho na pua pia.

Siku hiyo jirani yao, Mzee Cherehani, aliingia akihema. Kifua chake kilikuwa kimechoka. Umeme ukikatika, alipumua kwa mashine iliyoendeshwa na betri alizofungiwa na karakana hii, pamoja na mita ya kumwonyesha mashine inakula mkondo wa umeme kiasi gani.

"Mwanangu, kwa mita yenu nilihesabu betri zitanifikisha asubuhi. Zimekata katikati. Nimebaki nimeshika kitanda, navuta hewa haiji."

"Pole sana, mzee wangu. Chaji atakuwa amekosea kidogo. Twende nikaangalie."

Chaji ndiye mumewe. Mama Fyuzi alimtetea bila hata kufikiri.

Naye akiwa ameshajifunza ufundi, alifungua kisanduku cha mita ukutani kwa mzee. Ndani mlijaa kinyesi cha mende, na juu yake alama za vidole vyenye mafuta, vidole anavyovijua. Akakunja uso, akafuta. Ndipo akaiona shanti, kile kipande cha chuma ambacho mkondo wote hupita ndani yake ili mita ipime sehemu ndogo tu. Kanuni yake haina uchawi: maandishi ya shanti na ya mita lazima yafanane. Mita iliandikwa ampia mia, milivolti sabini na tano. Shanti iliandikwa ampia mia mbili, milivolti zilezile. Maana yake mshale ulikuwa unaonyesha nusu ya ukweli, na mzee wa watu akapangia pumzi zake kwa nusu hiyo.

"Mzee, mpaka nirudi na nyingine, saa zozote utakazohesabu hapa zikate nusu."

Karakanani alimkuta Chaji akichokonoa meno kwa ncha ya bisibisi. Alipomweleza, Chaji alitema pembeni.

"Shanti ni shanti, mke wangu. Zote zina skrubu mbili. Hayo ya milivolti mimi nayajulia wapi?"

Mama Fyuzi aliona kinyaa. Uzembe huu! Lakini mzembe hufundishika, akajisemea, akaanza kutafuta shanti ya mia kwenye trei.

"Hiyo ya mia iache," Chaji akamzuia. "Imebaki moja, naifunga leo kwa mama. Friji yake ya betri."

Kisha akafanya jambo ambalo mkewe hajawahi kuliona. Alinawa mikono kwa sabuni. Akavaa miwani. Akasoma maandishi ya mita, akasoma ya shanti, akapitisha mkondo na kulinganisha na kipimo kingine, akakaza skrubu taratibu.

"Kwa nini usimwekee mama ya mia mbili? Zimejaa tele," Mama Fyuzi aliuliza, na sauti yake ikamtoka nyembamba.

"Wee! Isome nusu, betri zimfie, nyama zioze? Yule ni mama yangu."

Chaji akajua ameropoka, akacheka kicheko chake cha kuomba yaishe.

"Sasa wateja nao, mke wangu. Mshale ukipanda, maswali hayaishi, wanataka betri za ziada na bei ileile. Mshale ukikaa chini wanakushukuru. Ukila na kipofu usimguse mkono."

"Na mkuki kwa nguruwe mtamu."

Alimtazama mtu huyu aliyelala naye miaka yote hiyo, vidole vikiwa safi kwa mara ya kwanza, na vidole hivyo safi ndivyo vilivyomtia kichefuchefu kuliko mende wote wa mtaa. Akaichukua ile shanti ya mia mezani, akachukua na bisibisi, akaifuta kwanza.

"Hiyo ya mama!"

"Nyama ikioza inatupwa."

Chaji alimfuata mpaka mlangoni, peku.

"Basi mwambie mzee nilikosea. Kukosea ni kwa kila mtu."

"Ungekuwa umekosea ningekutetea mpaka kaburini," alisema mkewe. "Nakwenda kumwambia ulijua."