Makochi ya Mbele

Kochi la katikati lilikuwa na mguu mmoja mfupi. Meneja alipiga magoti, akakunja kipande cha boksi na kukisukumiza chini yake, kisha akalikalia kidogo kuhakikisha halichezi. Hapo angekaa mgeni rasmi, mkurugenzi wa utamaduni, na mhadhiri wake wa chuo alishasema tangu asubuhi: mkurugenzi akiyumba, alama nazo zitayumba.

Jina la Meneja alipewa na wapangaji wenzake siku waliposikia anasomea shahada ya usimamizi wa sanaa. Walicheka hadi machozi. Mama yake, dobi wa mtaa mzima, hakucheka, ila hakuelewa pia. "Mwanangu, wenzio wanasomea udaktari, wewe unasomea kupanga viti?" Aliuliza hivyo kila muhula, na kila muhula akaendelea kufua mashuka ya watu ili binti asome.

Leo ulikuwa mtihani wake wa mwisho wa vitendo: kuandaa onyesho toka mwanzo hadi mwisho. Wenzake walitafuta bendi zenye majina. Yeye alichukua waoka mikate wanne na mchezo walioutunga wenyewe, kuhusu bosi anayewapimia hadi muda wa kwenda msalani. Walikuwa wakija mazoezini wametoka zamu, unga bado kwenye nyusi.

Muda wa kuanza ulifika, ukapita. Ukumbi ulijaa hadi watu wakaegemea ukuta, lakini makochi ya mbele yalikuwa matupu, yamefunikwa vitambaa vyeupe. Mama yake alikuwa kati ya waliosimama, mara mguu huu, mara ule.

"Yuko njiani," mhadhiri alisema, simu sikioni.

"Mwalimu, yuko njiani tangu mchana."

"Onyesho bila mgeni rasmi ni kelele tu, binti. Mvumilivu hula mbivu."

Mwoka mikate aliyeigiza bosi alimvuta Meneja pembeni. "Dada, mbivu zenyewe zinaoza. Jioni tuna zamu. Tukichelewa getini, kesho hatuna kazi. Tuanze, au tuvue haya makoti twende zetu. Hatukulaumu."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Meneja. Alikumbuka mwaka wa kwanza, mhadhiri huyu huyu akiwaambia kuwa mwenye onyesho ni mtazamaji. Aliipenda sana kauli ile.

Akaviondoa vitambaa vyeupe, akavikunja. Kisha akaenda ukutani, akamshika mama yake mkono.

"Mimi? Pale pa wakubwa? Watanifukuza!"

"Twende, mama."

Akamketisha kochi la katikati, akawaita na wazee wengine waliosimama.

Mhadhiri alimsogelea. "Unajua unachokifanya?"

"Najua, mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mchezo ukaanza. Ukumbi ulicheka hadi madirisha yakatikisika, na mama yake akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Ulipokwisha, waoka mikate walitoka mbio na makoti ya maigizo mwilini.

Mkurugenzi aliwasili ukumbi ukifagiliwa. Alipigwa picha mbele ya jukwaa tupu, akasema vijana wanahitaji kuungwa mkono, akaondoka.

"Onyesho lilikuwa zuri, sikufichi," mhadhiri alisema. "Lakini kwenye itifaki umepata sifuri, na bila itifaki hakuna kufaulu. Utarudia mwaka."

Meneja alijificha nyuma ya pazia, akalia. Hakujutia makochi. Alililia beseni la mama yake, mwaka mzima tena.

Mama alikuwa akimngoja mlangoni, bado anamwigiza yule bosi na saa yake. Meneja akamweleza yote, bila kuzunguka. Kicheko kikakatika.

"Sasa utarudia nini hasa?"

"Kupanga viti, mama."

Walitembea hadi njia panda. Mama akajifunga kanga upya.

"Mashuka machafu hayajaisha mjini," alisema. "Ila mwakani nikija, nipange pale pale."